Shahada ya Magari ya Mbio: Msingi Utangulie Jina

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapokwisha kutangazwa, walimu wa shule za sekondari hujikuta wamezungukwa na vijana wenye swali moja: wasome nini, na wasome wapi? Zamani majibu yalikuwa machache, nayo yalijulikana. Aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia alielekezwa kwenye udaktari. Aliyefaulu Fizikia, Kemia na Hisabati alielekezwa kwenye uhandisi, na uhandisi wenyewe ulikuwa ni wa barabara, umeme au mitambo. Siku hizi orodha imerefuka. Miongoni mwa masomo yanayowavutia vijana limo moja ambalo baadhi ya walimu hulicheka na wengine hulisifu bila kulichunguza. Somo hilo ni uhandisi wa magari ya mashindano, yaani elimu ya chuo kikuu inayomwandaa mtu kubuni, kuunda na kuyahudumia magari ya mbio.

Kijana anayeuliza habari za somo hili hastahili kuchekwa, wala hastahili kusifiwa kijuujuu. Shahada ya kwanza ya uhandisi nchini Uingereza huchukua miaka 3, na ile inayounganishwa na uzamili huchukua miaka 4. Katika mwaka wa masomo wa 2025/26 mwanafunzi mwenyeji wa England aliweza kutozwa ada ya hadi pauni 9,535, na mgeni hutozwa zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Mzazi anayeuza kiwanja au mifugo ili kulipa ada ya namna hiyo anauza akiba ya ukoo mzima. Akikosea, hana akiba nyingine ya kurekebishia kosa. Na aghalabu mtu wa kwanza kuulizwa ni mwalimu.

KAZI YENYEWE

Yafaa kwanza ieleweke kazi hii inafanyika wapi na namna gani. Makao yake makuu ni Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi hiyo ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kivita visivyo na kazi, pamoja na mafundi wengi waliozoea kuunda ndege. Uwanja wa Silverstone, uliofunguliwa mwaka 1943 kwa ajili ya ndege za mabomu, ukageuzwa kuwa uwanja wa mbio za magari mwaka 1948, na tarehe 13 Mei, 1950 shindano la kwanza la ubingwa wa dunia wa Formula 1 likafanyika hapo. Karakana ndogo ndogo zikaota kandokando ya viwanja hivyo, zikakua, zikazaa nyingine. Leo zaidi ya nusu ya timu za Formula 1 zina karakana zao katika miji na vijiji vya England kama Woking, Brackley, Milton Keynes, Grove na Enstone. Italia nayo ina Maranello, nyumbani kwa Ferrari.

Vyuo vikuu vilifuata karakana. Cranfield, kilichoanzishwa mwaka 1946 kama chuo cha elimu ya ndege, hutoa shahada ya uzamili katika uhandisi wa magari ya mashindano. Oxford Brookes, kilicho karibu na karakana kadhaa za timu hizo, hufundisha somo hilo hilo. Kwa hiyo somo hili halikubuniwa ofisini na watu waliokosa la kufanya. Lilitokana na kiwanda kilichokuwapo na kilichohitaji watu.

Anachosoma mwanafunzi, jina likiondolewa, kwa sehemu kubwa ni uhandisi wa mitambo. Husoma hisabati, nguvu na mwendo, joto, tabia za metali na za nyuzi za kaboni, mwendo wa hewa, umeme na kompyuta. Kisha elimu hiyo huelekezwa kwenye gari. Hujifunza kwa nini tairi hushika barabara na kwa nini huacha, namna bawa la gari linavyoligandamiza chini badala ya kuliinua kama la ndege, na namna ya kusoma takwimu zinazoletwa na mamia ya vihisi gari likiwa mwendoni. Hujifunza pia kufanya kazi ndani ya mipaka. Kwa mfano, katika majaribio ya handaki la upepo, kanuni za Formula 1 haziruhusu mfano wa gari uzidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari lenyewe, wala upepo uzidi mwendo wa mita 50 kwa sekunde.

SHULE ILIYO NJE YA DARASA

Sehemu yenye manufaa zaidi ya elimu hii, hata hivyo, haimo katika mihadhara. Imo katika shindano la wanafunzi liitwalo Formula Student, ambalo Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya Uingereza imeliendesha tangu mwaka 1998 kwa kufuata mfano ulioanzishwa Marekani mwaka 1981. Kila chuo huunda gari dogo la kiti kimoja na kulipeleka uwanjani mbele ya waamuzi. Alama ni 1,000, na mwendo wa kasi ni sehemu tu ya alama hizo. Wanafunzi huulizwa kwa nini walichagua umbo hili na si lile. Hutakiwa kuonyesha gharama ya kila sehemu, hata ya boliti. Hutakiwa kueleza jinsi gari hilo lingeweza kuuzwa. Mwishoni huja mbio za uvumilivu za kilomita 22 hivi, dereva akibadilishwa njiani, na magari mengi hukwama kabla ya kufika mwisho.

Kanuni moja ya shindano hilo yatosha kuonyesha thamani yake. Hewa yote inayoingia katika injini ya petroli hulazimika kupita katika tundu moja lenye kipenyo cha milimita 20. Hewa ikifikia mwendo wa sauti katika tundu hilo, kiasi kinachopita hakiongezeki tena hata injini ivute namna gani. Mwenye fedha hawezi kununua nguvu zaidi. Hana budi kuitafuta kwa hesabu: katika umbo la bomba, katika uzito wa chasisi, katika uwiano wa gia. Huu ni uhandisi halisi, kwani mhandisi wa maji aliyepewa pampu moja na vijiji vitatu naye yumo katika mtihani wa namna hiyo hiyo.

Jambo jingine ni tarehe. Shindano haliahirishwi kwa sababu chuo kimoja hakikumaliza kuchomelea. Mwanafunzi aliyepitia hapo amejifunza kwamba kazi nzuri iliyochelewa inaweza kukosa thamani yote. Ofisi nyingi zingenufaika na vijana waliofunzwa hivyo.

WALIOTANGULIA WALISOMA NINI?

Pamoja na sifa hizo zote, historia ina fundisho ambalo watangazaji wa vyuo hawalitaji mara kwa mara. Mabingwa wakubwa wa kazi hii hawakuwa na shahada yenye jina la magari ya mashindano. Colin Chapman, aliyeanzisha Lotus mwaka 1952, alisomea uhandisi wa majengo katika Chuo Kikuu cha London. Keith Duckworth, ambaye injini yake ya Cosworth DFV ilishinda mara ya kwanza ilipoingia uwanjani mwaka 1967 na kufikisha ushindi 155 wa Formula 1 ilipofika mwaka 1983, alisomea uhandisi katika Chuo cha Imperial. Adrian Newey, ambaye magari yake yamezipatia ubingwa timu za Williams, McLaren na Red Bull, alihitimu elimu ya ndege katika Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 1980. Ross Brawn alianza mwaka 1971 kama mwanagenzi wa ufundi katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki cha Harwell. Akapanda ngazi kutoka mashine ya kuchongea vyuma hadi kuongoza idara za ufundi za Benetton na Ferrari, na mwaka 2009 timu yenye jina lake mwenyewe ikatwaa ubingwa wa dunia.

Yuko pia Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946. Alisoma uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi cha Natal, akajitengenezea gari lake mwenyewe la mashindano, kisha akaenda Uingereza na kuajiriwa na timu ya Brabham. Magari aliyoyabuni yalimpatia Nelson Piquet ubingwa mwaka 1981 na mwaka 1983. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi nafasi kama ile aliyoipata ilikuwa imefungwa kwa Waafrika walio wengi, na hakuna ajuaye ni vipaji vingapi vilivyozikwa hivyo. Lakini njia aliyopita ina somo: alipata msingi wa uhandisi katika chuo cha kawaida, akaunda kitu kwa mikono yake, ndipo akabisha hodi.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mhandisi wa majengo, wa ndege, wa mitambo na fundi wa karakana wote walifika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mchele. Asiye na mchele hasaidiwi na jina la pishi.

BARABARA ZA AFRIKA MASHARIKI

Wapo wanaodhani kwamba elimu hii haina uhusiano wowote na Afrika Mashariki. Hao wamesahau Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa mtihani mgumu kuliko yote duniani kwa gari lililotoka kiwandani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mara 5, minne ya ushindi huo ikiwa mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Makampuni ya Ulaya na Japani hayakuja huku kwa ajili ya mandhari. Yalikuja kujifunza. Tope, vumbi, mashimo na mito viliwaonyesha wahandisi wao udhaifu ambao viwanja vya lami havikuuonyesha. Springi zilikatika, chasisi zikapasuka, vumbi likapenya hadi ndani ya injini. Walirudi makwao wakaimarisha walichokiona. Safari iliondoka katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea mwaka 2021 huko Naivasha. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika miaka yote hiyo barabara za Afrika Mashariki zilikuwa darasa, na wengi wa waliokuwa wakisoma darasani humo walikuwa wageni. Kijana wa Kiafrika anayetaka kujua kwa nini shokapu hufa haraka katika barabara ya changarawe anauliza swali la maana kwa kila basi la abiria na kila lori la pamba.

JE, NI ANASA?

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi. Wanasema kwamba mbio za magari ni mchezo wa matajiri, kwamba unateketeza mafuta na mali, na kwamba nchi yenye upungufu wa wahandisi wa maji haina sababu ya kumsomesha mtu kuunda gari la kuzunguka uwanja. Kuhusu mchezo wenyewe, hoja hiyo ina ukweli mwingi. Kuhusu elimu, yafaa ipimwe kwa matukio.

Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea Uingereza na hospitali zikakosa vifaa vya kuwasaidia wagonjwa kupumua, wahandisi wa kiwanda cha injini za Mercedes huko Brixworth waliungana na wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha London. Walikichambua kifaa cha zamani cha kusukuma hewa, wakakiboresha, na katika muda usiofika saa 100 tangu kikao cha kwanza wakawa wametoa kifaa kimoja kilicho tayari. Mashine 40 zilizokuwa zikitengeneza pistoni na sehemu nyingine za injini za mbio zikageuzwa kutoa vifaa hivyo, hadi 1,000 kwa siku. Idara ya afya ya Uingereza iliagiza 10,000. Michoro yake ilitolewa bure kwa nchi nyingine.

Kabla ya hapo, madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waliona kwamba hatari kubwa humpata mtoto pale anapotolewa chumba cha upasuaji na kukabidhiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nyaya, mirija na maelezo vyote huhamishwa kwa wakati mmoja, na watu hupishana. Wakajifunza kwa mafundi wa Ferrari namna kila mtu anavyokuwa na nafasi yake na kazi yake gari linaposimama kubadilishwa magurudumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba makosa yalipungua.

Mifano hiyo haithibitishi kwamba kila nchi ianzishe mbio. Inathibitisha kwamba nidhamu ya kupima, kugawana kazi na kumaliza kwa wakati huhama kutoka fani moja kwenda nyingine, mradi mwenye nidhamu hiyo ana msingi mpana wa kuhama nao.

MLANGO MWEMBAMBA

Hapo ndipo ilipo hatari ya kijana anayechagua jina kabla ya msingi. Nafasi za kazi katika timu kubwa ni chache, na wanaozitaka wanatoka dunia nzima. Tangu mwaka 2021 Formula 1 imewekewa kikomo cha matumizi, kikianzia dola milioni 145 kwa timu kwa mwaka huo, na mishahara ya wahandisi walio wengi imo ndani ya kikomo hicho. Timu tajiri haiwezi tena kuajiri kadiri ipendavyo. Mgeni, zaidi ya kushindana kwa ujuzi, huhitaji mwajiri aliye tayari kumdhamini apate kibali cha kazi. Wapo watakaopita. Wengi zaidi watalazimika kutafuta kazi kwingine, na wengine watarejea nyumbani.

Anayerejea na shahada ya nje hukabiliwa na maswali. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayoitambua shahada hiyo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 na inayoongozwa sasa na sheria ya mwaka 1997, ndiyo inayomruhusu mtu kuitwa mhandisi na kufanya kazi hiyo. Mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo anajulikana bandarini, kwenye reli, kwenye mitambo ya umeme na katika viwanda vya sukari na saruji. Mwenye shahada ya magari ya mashindano huenda ana ujuzi ule ule, lakini atalazimika kuueleza kila anapoingia, kwa ofisa ambaye hajapata kulisikia jina hilo. Kijana asisubiri kurejea ndipo ayajue hayo.

USHAURI UNAOFAA

Hivyo basi, mwalimu afanye nini? Asimvunje moyo kijana. Mapenzi ya gari yamewafanya vijana wengi wapende hisabati waliyokuwa wakiikimbia. Lakini ampe masharti, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sharti la kwanza ni msingi. Kwa walio wengi, njia salama na nafuu ni kusoma kwanza uhandisi wa mitambo au wa magari hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni chuo cha ufundi cha mwaka 1957. Kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, na kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Aliyemaliza hapo akiwa bado na shauku anaweza kutafuta uzamili wa magari ya mashindano, ambao kwa kawaida huchukua mwaka 1. Gharama inapungua, na njia ya kurudi inabaki wazi.

Sharti la pili ni mikono. Likizo ipitie gereji. Kijana asiyewahi kufungua giaboksi wala kupata jeraha la spana hajui bado kama anapenda uhandisi au anapenda televisheni. Mafundi wa mitaani wana elimu ambayo haimo vitabuni, na mhandisi anayewadharau hupungukiwa maisha yake yote.

Sharti la tatu ni kuuliza kabla ya kulipa. Je, shahada hiyo inatambuliwa na taasisi ya wahandisi ya nchi inakotolewa? Je, chuo hicho kinapokea cheti cha kidato cha sita cha Tanzania moja kwa moja, au kinadai mwaka wa maandalizi? Je, chuo kina timu ya wanafunzi inayounda gari kweli kweli, na kila mwanafunzi hushika kazi, au wachache hushika na wengine hutazama? Wahitimu wake wanafanya kazi wapi? Chuo kinachokwepa maswali hayo kimekwisha kujibu.

Watumishi wa serikali nao wana sehemu yao. Wanaosimamia ufadhili na ajira wasisome jina la shahada peke yake, bali wafungue orodha ya masomo aliyosoma mhusika. Wanaosimamia shule za ufundi wakumbuke kwamba shindano la kuunda gari dogo, hata la kusukumwa na mota ya umeme, halihitaji uwanja wa Silverstone. Lahitaji karakana iliyofunguliwa, vyuma chakavu, mwalimu mwenye moyo na tarehe isiyoahirishwa. Vyuo vya uhandisi vikianza na hayo, barabara za changarawe zilizowafundisha wageni kwa miaka mingi zitaanza kuwafundisha na wenyeji.